Leseni ya Kumpinga Mfalme kwa Saa Tatu

Kisa hiki kilitokea kweli. Waliosema hakikutokea walipandishwa vyeo, kwa hiyo ushahidi tunao wa kutosha.

Kilitokea miaka mingi iliyopita, enzi za vitabu kuandikwa kwa unyoya wa bata, katika nchi ambayo haikuwa na jina, kwa sababu kila jina lililopendekezwa lilionekana fupi mno kwa heshima yake. Nchi hiyo ilikuwa na Mfalme. Jina lake lilikuwa halitamkwi mpaka mtu apige mswaki kwanza, na kwa kuwa karatasi haina meno, hapa tutamwita Mfalme tu. Vyeo vyake vilikuwa mia moja na arobaini. Watoto wa shule walivikariri vyote kila asubuhi kabla ya kunywa uji, ndiyo maana katika nchi ile uji ulikatwa kwa kisu. Sisi vinatutosha viwili: Mwendesha Jua, na Baba wa Elimu Yote.

Na kwa kuwa Elimu Yote ilikuwa na baba, ilibidi ichapwe.

Fimbo ilianzia Chuo Kikuu cha Minara Saba, kilichokuwa na minara minne. Ile mitatu ilibomolewa kwa kosa la kulizidi kimo kasri la Mfalme, lakini jina lilibaki vilevile, maana kulibadilisha kungekuwa sawa na kukiri kwamba kuna kitu kimebomolewa. Humo alifundisha Mwalimu Ngwali Shomari, mwalimu wa hoja. Yaani aliwafundisha watu kubishana bila kurushiana viti. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mke mmoja, kofia mbili na rafiki mmoja.

Rafiki huyo alikuwa Mwalimu Tosiri, mwalimu wa nyota, mtu wa kanzu ya viraka na shingo iliyopinda kwa kutazama juu. Kila Alhamisi alasiri alikuja kwa Ngwali kula mihogo. Tosiri akisema dunia inazunguka, Ngwali alisema haizunguki. Si kwamba hakuamini. Aliona tu kuwa muhogo usio na ubishi haushuki vizuri.

Mwaka ule Tosiri aliandika katika kalenda yake kwamba jua litapatwa saa sita mchana, siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme. Aliandika miezi sita kabla. Serikali ikachukua hatua madhubuti: ikaipiga marufuku kalenda. Kwa bahati mbaya jua halikupelekewa nakala ya tangazo. Siku ya sikukuu, Mfalme akiwa katikati ya hotuba, penye maneno "mwanga niliouleta", giza likaingia, kuku wakapanda kulala, na balozi wa nchi jirani akauliza kwa upole kama chakula cha usiku kiko tayari.

Tosiri alikamatwa kabla jua halijarudi. Shtaka lake lilikuwa kula njama na mwezi na kufunika jua la serikali bila kibali. Mwezi ulihukumiwa bila kuwepo mahakamani. Tosiri, ambaye alikuwepo, alihukumiwa kunyongwa.

* * *

Baada ya hapo Wizara ya Mawazo Manyoofu ilihamia chuoni. Yeyote aliyewahi kulala bwenini anajua ukaguzi ulivyo: magodoro yaligeuzwa, masanduku yalimwagwa, na wazee wenye ndevu nyeupe walisimama kando ya vitanda vyao wameshika masikio. Mwalimu wa tiba alifukuzwa kwa kusema Mfalme ana mafua, wakati inajulikana kwamba Mfalme hapatwi na maradhi. Maradhi huja kumsalimia na kuondoka. Mwalimu wa historia alifukuzwa kwa kumbukumbu nzuri.

Waliobaki walipewa karatasi iliyoitwa Ahadi ya Kukubali. Ilisema: "Nakubaliana na yote yaliyosemwa, yanayosemwa, na yatakayosemwa, hata kama sitakuwepo yakisemwa." Ngwali alitia sahihi. Kisha akatia ya pili, isije ile ya kwanza ikaonekana imekaa shingo upande. Ushujaa haukuwa somo lake.

Chuo kikatulia. Hakuna aliyebisha. Mtu akikohoa, wenzake walisema, "Kweli kabisa."

Hapo ndipo serikali ilipojikwaa.

Bwana Azani, mkwe wa Mfalme, alitaka joho jekundu la uanazuoni, lile la daraja la juu kuliko yote. Na kanuni ya Minara Saba ilikuwa moja tangu msingi: asiyepingwa havikwi. Mtu aliyetaka joho alisimama ukumbini na hoja yake, na msomi mwenzake akampinga kwa saa tatu kamili, kila saa ikipimwa kwa chupa ya mchanga. Akishinda, anavikwa. Na kila alichokisema mshindi kilinakiliwa katika Kitabu cha Kweli, na kilichoingia humo hakifutwi na yeyote, hata mwenye taji.

Bwana Azani alisimama na hoja yake. Mpinzani wake akasimama na kusema "Nakubali" kwa saa tatu mfululizo, akanywa maji mara mbili, akakaa. Karani wa Kitabu, mzee kiziwi wa sikio moja na mkaidi wa yote mawili, akafunga Kitabu na kusema, "Hakupingwa. Havikwi."

Kanuni haikuweza kubadilishwa. Aliyeiandika alikuwa babu wa Mfalme, na hoja ya Bwana Azani ilikuwa kwamba Mfalme hajawahi kukosea, na kwamba kutokosea huko alikurithi kwa babu. Kuigusa kanuni kungekuwa kumtia babu kosa. Mawaziri walikaa kikao siku nne, wakatoka na jibu: apatikane mtu wa kupinga. Wakatazama orodha ya watu wote waliojua kupinga. Wengi walikuwa kaburini au njiani kuelekea huko. Aliyebaki alikuwa Ngwali.

* * *

Waziri wa Mawazo Manyoofu, Mheshimiwa Mataka, alikuja mwenyewe. Alikuwa mnene kiasi kwamba aliingia kwanza, kisha akaendelea kuingia. Bi Kazija, mke wa Ngwali, akampa kiti chenye miguu mizima.

"Mwalimu," akasema Waziri, "taifa lina kiu ya upinzani."

Ngwali akaruka. "Mheshimiwa, mimi nimeshakubali! Mara mbili! Tazameni sahihi zangu."

"Tunajua. Ndiyo maana tunakuomba ukubali kupinga."

"Nikipinga nitakuwa nimevunja ahadi ya kukubali."

"Na usipopinga utakuwa umekataa, wakati uliahidi kukubali." Waziri akatabasamu kama mtu aliyelala na sentensi hiyo chini ya mto. Akatoa ngozi ya mbuzi yenye mihuri saba. "Leseni. Soma."

Ngwali akasoma: "Mwenye leseni hii anaruhusiwa kumpinga Mfalme kwa muda wa chupa tatu za mchanga, ndani ya ukumbi, kwa sauti ya wastani, bila kunyoosha kidole."

"Na nikishinda?" akauliza.

"Utanyongwa Jumatatu pamoja na mwenzako Tosiri. Kamba ipo tayari."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa kivivu, Karani atasema hukupinga, nawe utanyongwa Jumatatu. Ushindwe kwa jasho."

"Mheshimiwa, nikishindwa kwa jasho... Tosiri ataachiwa?"

Waziri akainuka, kiti kikashukuru. "Tutaliangalia," akasema. Katika nchi ile neno hilo lilikuwa na maana moja, na halikuwa na uhusiano wowote na macho.

Alipoondoka, Ngwali alikaa barazani akiwa ameishika ile ngozi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Kazija akaja na sahani ya mihogo. Ilikuwa Alhamisi.

"Siwezi kushinda," Ngwali akasema. "Na kushindwa hakumtoi Tosiri. Sina hoja, Kazija."

"Miaka ishirini na miwili unanifundisha hoja wakati wa kula, mpaka mchuzi unapoa. Leo ndiyo huna?"

"Nitamwambiaje Mfalme kwamba amekosea kumfunga?"

"Nani kakutuma umwambie amekosea?" Kazija akaketi. "Hebu nikuulize. Paa letu lilipovuja, nilikuambia wewe mvivu?"

"Hapana."

"Nilikwenda kwa majirani mmoja mmoja nikawaambia, 'Jumamosi mume wangu anaezeka paa, jamani, yule bwana ana mikono, njooni mtazame.' Jumamosi ulikuwa wapi?"

Ngwali akafikiri. "Juu ya paa."

"Basi," akasema Kazija. "Kula."

* * *

Siku ya mjadala ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mfalme alikaa nyuma ya pazia la hariri, kwa maana wapinzani hawakuruhusiwa kumwona, wala yeye kuwaona. Mwalimu Mkuu wa chuo, Mwinyi Sudi, ambaye tangu ukaguzi alikuwa hasemi lolote bila kutazama kwanza mlango ulipo, akageuza chupa ya kwanza.

Bwana Azani alisimama. Alikuwa kijana mzuri wa sura, na sura ilikuwa imefanya kazi yote. "Hoja yangu," akasema, "ni kwamba Mfalme hajawahi kukosea, hakosei, na kama kosa lingetokea, kosa lenyewe lingeomba radhi."

Makofi.

Ngwali alisimama. "Napinga," akasema kwa sauti ya wastani. Wanawake wawili wakazimia. "Je, Mfalme hakuwahi kuanguka kutoka juu ya farasi, hadharani, mbele ya soko?"

"Hakuanguka. Alishuka kwa haraka."

Makofi. Saa ya kwanza ilipita hivyo, Ngwali akitoka jasho la kweli na Bwana Azani akinawiri. Saa ya pili Ngwali akauliza kuhusu daraja lililodidimia siku Mfalme alipolizindua.

"Halikudidimia," akasema Bwana Azani. "Lilisujudu."

Ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Nyuma ya pazia kikasikika kicheko kidogo. Waziri Mataka akafumba macho kwa utamu. Mwinyi Sudi akageuza chupa ya tatu.

Ngwali akajifuta uso kwa kofia. "Bwana Azani, Mfalme ni Mwendesha Jua?"

"Ndiye!"

"Analiendesha lote, au sehemu tu?"

"Lote, na joto lake!"

"Na kuna mtu yeyote anayeweza kuligusa bila yeye kutaka?"

"Thubutu! Hajazaliwa!"

"Hapo ndipo ninapopinga," akasema Ngwali, akapandisha sauti kidogo kupita wastani. "Mimi nasema yupo! Nasema siku ya sikukuu jua lilifunikwa na Mwalimu Tosiri!"

Waziri akafumbua jicho moja. Maneno yale aliyafahamu. Aliyaandika yeye katika hati ya mashtaka.

Bwana Azani akatazama pazia. Pazia likakohoa. Alikuwa hajui mengi, lakini alijua kwamba kazi yake ni kukataa kila asemalo mtu mwembamba. Isitoshe, ni aibu iliyoje mwenye viraka kumnyang'anya baba mkwe jua mbele ya wageni?

"Uongo!" akanguruma. "Tosiri? Yule hawezi kufunika hata chungu! Mfalme ndiye aliyelifunika! Mwenyewe! Kwa makusudi! Ili... ili wageni wasiungue!"

Makofi yalitikisa vumbi darini. Ngwali akajishika kichwa kama aliyepigwa rungu.

"Lakini Tosiri aliandika miezi sita kabla!"

"Aliandika alichoagizwa!"

"Na nani?"

"Na Mfalme! Alikuwa mpiga mbiu wake!"

Waziri sasa alikuwa na macho yote mawili wazi, na mdomo pia. "Bwana Azani," akanong'ona, "punguza..." Lakini nani husikia mnong'ono wakati anapigiwa makofi?

"Basi nimekushika!" akapiga kelele Ngwali, mikono ameifunga nyuma asije akanyoosha kidole. "Mpiga mbiu wa Mfalme yuko jela! Mfalme amemfunga mtumishi wake mwenyewe asiye na hatia! Mfalme amekosea!"

Hata nzi walitua. Unyoya wa Karani ulining'inia juu ya Kitabu. Bwana Azani alifumba macho, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake akafikiri.

"Hayuko jela," akasema. "Yupo mapumzikoni."

"Na ile kamba ya Jumatatu?"

"Ni ya kuanikia nguo zake."

Ngwali akapiga magoti. Chupa ilikuwa imebakiza mchanga wa kujaza kijiko. Alisubiri punje zote zishuke, maana kanuni ni kanuni, kisha akalia machozi halisi na kusema, "Nimeshindwa. Sina jibu. Ninamwomba Karani aandike yote."

"Yote nimeandika," akasema Karani, akapuliza wino ukauke.

* * *

Jumatatu Tosiri alitolewa. Serikali haikuwa na njia nyingine. Kweli ilikuwa Kitabuni, imeandikwa na kukauka. Akapewa joho la manjano, kofia yenye manyoya, pembe ya kupulizia mbiu, na cheti kilichomshukuru kwa kumaliza likizo yake salama. Ile kamba ilifungwa kati ya miti miwili uani mwa gereza, na ili ushahidi ukamilike, ikaanikwa suruali.

Saa hiyo hiyo Waziri Mataka alikuwa tena kwa Ngwali, safari hii amesimama.

"Mwalimu, umeshindwa vizuri mno."

"Nashukuru, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo uko chini ya ulinzi."

Ngwali akakimbilia ngozi yake ya mbuzi. "Leseni hii hapa! Mihuri yote saba!"

"Leseni ni ya kumpinga Mfalme. Hilo ulilifanya, na hakuna anayekulaumu. Lakini wewe ulisimama mbele ya halaiki ukamsingizia mpiga mbiu wa Mfalme kwamba alifunika jua. Kumsingizia Tosiri hakumo katika leseni."

"Mheshimiwa! Hayo ni maneno ya hati yenu ya mashtaka! Neno kwa neno!"

"Ndiyo tatizo lenyewe," akasema Waziri kwa huzuni ya kiofisi. "Hati imeonekana ni ya uongo, na serikali haisemi uongo. Kwa hiyo lazima kuna mtu aliyeitunga. Tumetafuta mtu aliyesikika akiyasema maneno hayo kwa sauti, tumekupata wewe."

"Kwa hiyo nitanyongwa?"

"Mungu apishe mbali! Mabinamu tisa wa Mfalme sasa wanataka joho, na kila mmoja lazima apingwe. Wewe ni mali ya taifa, Mwalimu. Utatunzwa."

Ngwali na Tosiri walikutana langoni mwa gereza, mmoja akiingia na mwingine akitoka. Chumba kilikuwa kile kile. Mkeka haukuwa umepoa. Askari, kwa ubinadamu, akajifanya anatafuta ufunguo.

"Ngwali ndugu yangu, umefanya nini?" akauliza Tosiri, manyoya ya kofia yakimwingia jichoni.

"Nimeshindwa. Shingo yako inaendeleaje?"

"Ipo. Lakini sikia. Mfalme amependezwa na lile giza. Anataka kulifanya tena Ijumaa, saa sita, kwenye karamu ya joho la Azani. Nimeamriwa nipige mbiu mji mzima."

"Na Ijumaa jua litapatwa?"

"Bado miaka kumi na moja, Ngwali!" Sauti ya Tosiri ikakatika. "Maisha yangu yote sijawahi kuisingizia mbingu. Afadhali ungeniacha ninyongwe na kalenda yangu."

"Halafu Alhamisi nibishane na nani?" akasema Ngwali. "Nenda kapige mbiu. Kichwa kikiwepo shingoni, kalenda ya kweli unaweza kuihifadhi humo."

Tosiri akataka kubisha, kwa mazoea. Askari akaupata ufunguo.

Ijumaa, tangu asubuhi, Ngwali aliisikia pembe ikizunguka mitaani, na nyuma yake sauti aliyoijua, ikitetemeka: "Leo saa sita! Mfalme atalifunika jua! Atakayeliona atakuwa anamwibia Mfalme!" Adhuhuri ilipofika, mwanga uliingia kwa nguvu kupitia kidirisha, ukachora mraba mweupe ukutani, mkali hata ungeweza kusoma maandishi madogo kuliko yote ya sheria za nchi ile. Nje, umati ulikuwa ukishangilia na kujikwaa.

Mlango ukafunguliwa. Kazija aliingia na chakula mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika taa ya mafuta, inawaka. Askari nyuma yake naye alikuwa na taa.

"Kuna nini huko nje, mke wangu?" akauliza Ngwali.

Kazija akamtazama askari. Kisha akaiweka taa chini taratibu, akavuta ncha ya khanga, akajifuta paji la uso.

"Giza, mume wangu," akasema. "Giza totoro. Nimetoka jasho njia nzima."